Nimenyanyua pikapu, sasa mbele inatetemeka: nianzie wapi?

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Nina pikapu ya dizeli ya milango minne. Mbele ina saspensheni huru, nyuma springi za majani, na fo wili ya kuingiza kwa swichi. Miezi miwili iliyopita niliinyanyua: mbele nikaweka spesa za milimita 40 juu ya shokapu, nyuma vipande vya chuma vya milimita 40 kati ya ekseli na springi. Matairi ya 265/70R16 nikayatoa, nikaweka 285/75R16 ya matope kwenye rimu zilezile. Tangu hapo usukani unatetemeka kuanzia kilomita 75 kwa saa hadi kama 95, nikanyage mafuta nisikanyage, kisha unapungua. Na nikiwa kwenye changarawe nimeingiza fo wili, nikikanyaga mafuta gari linatikisika mbele, kama mtu analivuta kushoto na kulia, nikiachia linatulia. Matairi yamebalansiwa mara mbili. Ya kwanza ilisaidia kidogo, ya pili haikubadili kitu. Fundi mmoja anataka nibadilishe reki ya usukani na boli jointi zote. Mwingine anasema gari likinyanyuliwa ndivyo lilivyo, nizoee. Nianzie wapi?

Jibu

Reki usinunue kwanza. Na huo ushauri wa kuzoea, uache hapohapo ulipoupata.

Swali lako nimelisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoona kinachowachanganya mafundi wako. Una mitetemo miwili, na kila mtu anaitibu kana kwamba ni mmoja. Wa kwanza uko kwenye usukani, unakuja kwa spidi fulani na hauna habari na mguu wako. Wa pili uko kwenye mwili wa gari, unatokea ukiwa kwenye fo wili tu, na mguu wako ndio unaouwasha na kuuzima. Chanzo chake hakiwezi kuwa kile cha kwanza. Ndiyo maana kubalansi kulisaidia kidogo kisha kukagota: uliugusa mmoja, mwingine ukabaki palepale, na wewe ukasikia jumla yake tu.

Kuhusu reki (meno yanayogeuza magurudumu ukikata usukani) na boli jointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu), mtetemo unaofuata spidi ya gari huanzia kwenye kitu kinachozunguka. Reki haizunguki, wala boli jointi. Zikilegea zinaupitisha mtetemo hadi mikononi mwako na kuukuza, lakini haziuzai. Ukifunga reki mpya kwenye gari lenye tairi lililopinda, utaupokea mtetemo uleule, tena pengine ukiwa safi zaidi kwa sababu njia yake haina tena ulegevu wa kuumeza. Hata hivyo, fundi wako huenda ameona boli jointi iliyokufa kweli, basi mpe nafasi aithibitishe. Gari likiwa juu ya stendi, mwombe ashike tairi juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni boli jointi au beringi ya gurudumu. Likicheza kushoto na kulia peke yake, ni tairodi (fimbo inayounganisha reki na gurudumu) au reki. Hakuna linalocheza? Basi anapiga ramli.

Kabla ya chochote, hesabu

Kila kinachozunguka chini ya gari kina mapigo yake kwa sekunde, na mapigo hayo unaweza kuyahesabu kwa kalamu. Tairi lako jipya lina kipenyo cha karibu milimita 834, la zamani lilikuwa karibu 777. Tofauti ni asilimia 7 na kidogo. Maana yake, spidi mita ikikuonyesha 75 kweli unakwenda kama 80, na ikionyesha 95 unakwenda kama 102. Mambo mawili yanafuata hapo: usishangae kukuta spidi yako imezidi bila kujua, na ukifanya hesabu tumia spidi ya kweli, ile ya GPS ya simu.

Kwa kilomita 80 za kweli gari linasafiri mita 22 kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa tairi lako ni kama mita 2.6. Kwa hiyo tairi linazunguka mara 8 na nusu kwa sekunde, na ukifika 102 linazunguka karibu mara 11. Kitu chochote chenye kasoro kwenye tairi, rimu, diski ya breki au habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa) kitapiga kwa mapigo hayo. Propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu (boksi la gia lililo kati ya magurudumu), huzunguka haraka zaidi kwa kiasi cha uwiano wa difu; tuseme difu yako ni 3.9, basi kwa spidi hiyo ya 80 propela inakwenda mara 33 kwa sekunde. Jointi ya ndani ya shafti za mbele, zile fupi za pembeni zinazotoka difu kwenda magurudumuni, ile jointi yenye rola tatu, hupiga mara tatu kwa kila mzunguko wa gurudumu: kama mara 25.

Mikono inaweza kuitambua tofauti hii bila kifaa. Mapigo 8 hadi 11 unayaona kwa macho: usukani unacheza, kioo cha ndani kinaruka, maji kwenye chupa yanafanya mawimbi. Mapigo 33 huyaoni, unayasikia kama ganzi kwenye nyayo na mvumo masikioni. Ukitaka namba, zipo programu za simu zinazopima mtikisiko na kuchora mapigo yake. Ifunge simu imara kwenye reli ya kiti au sehemu ngumu ya dashibodi, siyo mkononi, na mtu mwingine aendeshe. Ukikuta kilele kwenye 8 au 9 ukiwa kwenye 80 za kweli, propela umeshaisafisha na kesi hii bila kufungua bolti hata moja.

Kwa nini unaanza 75 na kupungua baada ya 95? Gurudumu limening'inia kati ya springi na mpira wa tairi, na mzigo huo una mdundo wake wa asili. Kwenye magari mengi mdundo huo uko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Umeweka matairi mazito zaidi, na uzito ukiongezeka mdundo unashuka. Kasoro ileile ndogo ambayo tairi la zamani lingeificha, sasa inapiga karibu kabisa na mdundo wa gurudumu, ndipo inapokua. Ukiupita, inatulia. Dirisha la spidi kama lako ni alama ya gurudumu, na kwa mtetemo wa kwanza nina uhakika mkubwa kwamba tuko hapo.

Mtetemo wa usukani

Anza na la aibu: tope. Tairi la matope linaalika safari za matope, na tope likikauka ndani ya rimu, upande usiouona, linafanya kazi ya risasi ya balansi iliyobandikwa mahali pasipofaa. Nimewahi kukaa nusu siku chini ya gari la mteja nikipima shafti, kumbe ndani ya rimu mbili kulikuwa na donge la udongo la ukubwa wa ngumi. Osha rimu kwa ndani, endesha, ndipo tuongee.

Kisha toa magurudumu ya mbele utazame pale rimu inapokutana na habu. Kutu au rangi iliyovimba hapo inalifanya gurudumu likae upande, na mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo kwa sababu kutu hiyo iko kwenye gari, haiko kwenye tairi. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe safi. Sehemu ya nyuma ya diski isugue pia, kama diski inatoka. Unaporudisha, kaza nati kwa mkono zote kwanza gurudumu likiwa hewani, halafu kwa msalaba, na umalizie kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Bunduki ya upepo ikikaza nati ya kwanza hadi mwisho kabla ya nyingine kugusa, gurudumu limeshakaa vibaya.

Sasa tairi lenyewe. Hapa ndipo ninapotilia shaka zaidi, na sababu ni maneno yako mawili: "rimu zilezile". Tairi la 285/75R16 kwa kawaida hutaka rimu ya upana wa inchi 7.5 kwenda juu. Pikapu nyingi zinazotoka kiwandani na 265/70R16 zina rimu ya inchi 7. Tazama namba iliyopigwa kwenye rimu yako. Kama ni 7J, tairi limebanwa kiunoni, na huenda halikukaa sawasawa kwenye ukingo wa rimu. Tairi lina mstari mwembamba unaolizunguka karibu na rimu. Pima kwa rula umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu sehemu nne au tano. Umbali usipolingana pande zote, tairi halijakaa. Dawa yake ni kulitoa upepo, kupaka sabuni ya matairi, na kulijaza tena. Hata uweke risasi kiasi gani, halitakaa sawa lenyewe.

Baada ya hapo, pandisha mbele kwa jeki, weka stendi, gia iwe huru na fo wili imetoka. Simamisha kipande cha waya au bisibisi karibu na uso wa tairi kisha lizungushe polepole. Ukiona pengo linapanuka na kubana kwa zaidi ya milimita moja na nusu hivi, tairi si duara. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa rimu. Rimu isizidi milimita moja. Tairi lisilo duara linaweza kubalansiwa likatoka na sifuri safi kwenye skrini na bado likakupiga barabarani, maana mashine ya kawaida inapima uzito, haipimi umbo. Ipo mashine yenye rola inayolikandamiza tairi kama barabara inavyolikandamiza, na kwa matairi ya matope ndiyo ninayoiamini. Kama hapo ulipo haipo, waya wako na jicho lako vinatosha kuwanasa wakosaji wakubwa.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau. Tairi jipya likifungwa kwa sabuni nyingi, kisha dereva akatoka kwa fujo au akafunga breki kwa nguvu siku hiyohiyo, tairi huteleza juu ya rimu sentimita chache. Balansi yote inaharibika. Huenda hilo ndilo lililokukuta kati ya balansi ya kwanza na ya pili. Chora mstari wa chaki unaopita kwenye tairi na rimu, endesha siku mbili, utazame kama umekatika.

Jaribio linaloamua ni la kubadilishana. Magurudumu ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yalete mbele, kila moja libaki upande wake, na usiguse kitu kingine siku hiyo. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umeushika: ni magurudumu. Ukibaki kwenye usukani bila kubadilika hata kidogo, magurudumu yako huru na tunarudi kwenye habu, diski na beringi. Ukiwa bado unayo matairi ya zamani, funga yote manne kwa safari moja. Hakuna jaribio la wazi kuliko hilo.

Pitisha pia kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani kisha kinyume. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama msumeno upande wa pili, alaimenti (mpangilio wa mwelekeo wa magurudumu) mbovu imekula matairi yako. Gari likinyanyuliwa mbele, mwelekeo wa magurudumu hubadilika, na usipopimwa upya siku hiyohiyo meno ya tairi yanaanza kulika vibaya mapema sana. Miezi miwili inatosha. Hukutaja alaimenti, kwa hiyo nadhani haikufanyika. Ukienda, usiridhike na "tayari bosi". Omba karatasi ya vipimo. Tazama hasa ule mlalo wa nyuma wa mhimili wa usukani, ambao wapimaji huuita kasta. Kunyanyua huupunguza, na ukipungua usukani haujirudishi wenyewe na gari linatangatanga. Kasta ndogo peke yake haileti mtetemo, ila inauacha usukani bila nguvu ya kujituliza. Kwa pikapu ya aina yako napenda kuona digrii 3 au zaidi, pande zote mbili zikikaribiana. Mkono wa juu wa asili ukishindwa kufikisha hapo, ni dalili kwamba umenyanyua kupita uwezo wake.

Lipo tukio moja ambalo tairi halihusiki na usukani unatetemeka vilevile. Kwenye baadhi ya pikapu za fo wili ya swichi, ukiwa kwenye tu wili, nguvu ikienda nyuma tu, shafti za mbele bado zinaburutwa na magurudumu, na upande mmoja wa difu shafti imeshikwa na beringi nyembamba ya sindano. Shafti ikilazwa kwa pembe kali baada ya kunyanyua, inacheza ndani ya beringi hiyo. Alama yake ni ya ajabu kidogo: gari linatetemeka kwenye tu wili, ukiingiza fo wili mtetemo unaisha, kwa sababu mzigo unaishika shafti katikati. Lijaribu hilo kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka, kwa spidi ambayo kitabu cha gari kinaruhusu kuingiza. Kwenye lami kavu usijaribu: fo wili isiyo na difu ya katikati inajikaza yenyewe kwenye lami, na utapata mitikisiko mipya ambayo haina uhusiano na ugonjwa wako.

Mtetemo wa fo wili

Huu wa pili ndio uliozaliwa na spesa. Nao naanza kwa futi ya kupimia.

Unadhani umenyanyua mbele kwa milimita 40. Sidhani. Shokapu ya mbele haikukaa kwenye gurudumu, imekaa katikati ya mkono wa chini, na gurudumu liko mbali zaidi kutoka kwenye bawaba ya mkono huo. Kila milimita moja unayoongeza juu ya shokapu inakuwa karibu mbili kwenye gurudumu, kutegemea umbo la mkono. Spesa yako ya 40 huenda imekupa 70 au 75. Nyuma ni tofauti: kipande cha 40 juu ya ekseli hutoa 40 kamili. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, ulinganishe na pikapu ya aina hiyohiyo ambayo haijaguswa. Nisingeshangaa ukikuta pua ya gari iko juu kuliko ulivyokusudia, na kwamba hukuwahi kulipima tangu litoke kwa fundi.

Kwa nini namba hiyo ni muhimu? Difu ya mbele kwenye gari lako imefungwa kwenye chesi. Ulipolinyanyua, difu ilipanda na chesi, magurudumu yakabaki chini, na shafti mbili za pembeni zikainama. Tuseme kati ya jointi ya ndani na ya nje kuna milimita 400. Ukinyanyua 75, umeiongezea shafti karibu digrii 11. Ukinyanyua 50, umeiongezea 7. Jointi ya ndani ina rola tatu zinazoteleza kwenye mifereji mitatu. Ikiwa imenyooka, zinateleza kidogo tu. Ikiwa imeinama, kila rola inapanda na kushuka mferejini katika kila mzunguko, na ikibeba nguvu ya injini inasukuma shafti kwa urefu wake, ndani na nje, mara tatu kwa mzunguko. Ule mvuto wa kushoto na kulia ulioueleza ndio huo. Unahitaji vitu viwili kwa pamoja: pembe kali na nguvu. Ukiachia mafuta, nguvu inaondoka. Ukitoka fo wili, nguvu haipo kabisa. Maelezo yako yanakaa hapo bila kulazimishwa.

Wengi humkimbilia propela shafti ya mbele. Kwenye saspensheni huru, kunyanyua hakuigusi. Difu iko kwenye chesi, transfa kesi (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) iko kwenye chesi, pembe kati yao ni ileile ya kiwandani. Inaweza kuwa mbovu kwa sababu zake yenyewe, jointi kavu au uzito uliodondoka, lakini usiitwishe kosa la spesa. Ukitaka kuwa na uhakika, mtetemo wake ungekuwa ule wa ganzi, na ungefuata spidi kuliko mguu.

Lala chini utazame mipira ya shafti. Ukikuta mikunjo yake inasuguana yenyewe, au grisi imerushwa kwenye mkono na chesi, unajua pembe imekuwa kali mno. Mpira uliopasuka ubadilishe mapema, kabla mchanga haujaingia. Kama grisi imeshakuwa na punje ndani, jointi hiyo imekwisha.

Dawa? Watakuambia ununue seti ya kushusha difu. Mimi siipendi sana. Nyingi ya seti hizo hushusha bolti za mbele za difu peke yake, kwa hiyo difu haishuki yote bali inainama, pua yake ya nyuma ikitazama juu. Shafti za pembeni zinapata nafuu ya digrii moja au mbili, na propela ya mbele, ambayo ilikuwa haina kosa, sasa umeibadilishia pembe. Umepunguza tatizo moja ukafungua mlango wa lingine. Kubadilisha shafti nzima bila kugusa urefu ni pesa ya bure kwa namna hiyohiyo: mpya zitakwenda vizuri kwa muda, kisha pembe ileile itazila.

Ningekushauri ushuke. Ondoa spesa za 40, weka za 25 hivi, gari libaki kwenye 45 hadi 50 za kweli. Utapoteza sentimita mbili na nusu ambazo wapita njia hawatazigundua, utarudisha digrii 3 au 4 kwenye jointi, na mkono wa juu nao utapumua, ukiwa na nafasi ya alaimenti kufikia kasta. Kabla hujanunua spesa mpya, fanya jaribio la bure: toa spesa kabisa, rudisha gari kwenye urefu wa kiwandani kwa siku moja, uende kwenye changarawe ileile na fo wili. Tahadhari tu kwamba tairi kubwa linaweza kugusa madigadi ukikata usukani hadi mwisho, kwa hiyo nenda taratibu. Mtikisiko ukiisha, pembe ndiyo ilikuwa mkosaji na jointi zako bado ni nzima. Ukipungua bila kuisha, jointi zimeshachimbika mifereji, na hapo shafti mpya zina sababu ya kununuliwa, baada ya kushusha gari.

Pikapu ambazo springi zake za mbele ni fimbo zinazosokotwa (tosheni ba) zina bahati kwenye jaribio hili, kwani urefu unashushwa kwa spana tu. Na wenye ekseli moja nzima mbele wasitumie maelezo haya ya shafti kabisa. Kwao ekseli ndiyo inayobaki chini, propela ya mbele ndiyo inayoinama, na kurekebisha kasta huishusha pua ya difu ikaiharibia propela pembe yake. Hilo linahitaji jibu lake peke yake.

Nyuma usikusahau

Hukulalamikia nyuma, ila vipande vya milimita 40 vimeongeza pembe ya propela ya nyuma, na siku moja utausikia: mtikisiko wa kwenye kiti unapoondoka kwa mzigo, kabla ya kilomita 40. Jointi ya msalaba ikiwa imepinda haizungushi upande wa pili kwa mwendo sawa. Inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Jointi mbili zenye pembe zinazolingana zinafutana. Pima kwa programu ya simu ya kupimia mlalo: mwinamo wa transfa kesi, wa propela, na wa pua ya difu. Pembe za jointi mbili zisitofautiane zaidi ya digrii moja. Zikitofautiana, kuna kabari za kuweka chini ya springi. Propela ya vipande viwili ina hesabu yake, maana beringi ya katikati nayo huenda ikahitaji kushushwa.

Na kama fundi aliitenganisha propela wakati wa kazi, hakikisha uma za ncha zake mbili zimelala kwenye mstari mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kuirudisha ikiwa imeruka meno machache, nikatafuta kosa kwenye matairi, kwenye difu, kila mahali isipokuwa kwenye mikono yangu. Siku hizi sifungui propela bila kuchora mistari miwili ya rangi kwanza.

Ukishabadilisha spesa, bolti za bushi za mikono ya chini zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, siyo likiwa linaning'inia kwenye jeki, la sivyo mpira wa bushi utabaki umesokotwa na gari litasimama juu kuliko linavyopaswa. Lisukume mbele na nyuma mita chache litulie, pima tena habu hadi madigadi, halafu ndipo uende alaimenti. Nati za magurudumu zirudie kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100. Na ikitokea mtetemo wa usukani ukakua ghafla ndani ya safari moja, simama pembeni uziguse nati hizo kabla ya kuendelea.